UZI: TP Mazembe ilianzia kwa mapadri, ikapita kwenye matairi, ndio ikafika kwa Katumbi. Tuweke kumbukumbu sawa

Dereva wa Nakonde

Wakuu habari za mchana. Kuna kijana juzi kwenye ule uzi wa Klabu Bingwa kaandika eti Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, ni timu ya juzi tu, hela za Katumbi (yule tajiri rais wa klabu) zikikata na timu imekufa. Nilitaka kumjibu palepale ila nikaona nitaandika gazeti, na uzi wenyewe ulishaharibika kwa matusi ya Simba na Yanga, basi nimefungua wangu. Nipo Tunduma kwenye foleni tangu jana asubuhi, gari haisogei, bando lipo, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi njia ya Lubumbashi nimeipiga miaka mingi, kupeleka mizigo na kurudi na shaba, na mtu ukikaa na watu wa kule hukwepi stori za mpira. Ni kama Kigoma na mawese.

Tuanze. Mazembe imeanzishwa 1939. Enzi hizo Lubumbashi inaitwa Elisabethville, Mbelgiji ndio mwenye nchi, na mapadri wa Kibenediktini walikuwa na shule inaitwa Saint-Boniface. Wakaona vijana wanahitaji kitu cha kufanya wakitoka darasani, wakaunda timu wakaipa jina Saint-Georges, yule mtakatifu wa maskauti. Kwa hiyo hii timu mnayoiona na mamba kifuani mwanzo wake ni watoto wa skauti na padri ana filimbi. Baadae ikaitwa Saint-Paul. Halafu wakaanza kuingia wachezaji wasio wa pale misheni, mapadri wakajitoa, timu ikahitaji mtu wa kuibeba, ndio wakaingia Englebert.

Englebert ni kampuni ya matairi ya Ubelgiji. Ndio, matairi. Sisi madereva hapo tunajisikia tuna hisa.

Jina likawa FC Englebert, na ndio jina walilobebea Afrika. 1966 wakachukua makombe yote matatu waliyogombea, wakajiongezea "Tout Puissant", yaani Wenye Nguvu Zote. TP ndio hiyo, wale mnaodhani ni kifupi cha jina la mtu.

Naendelea, ngoja nisogeze gari mita mbili.

Bin Msimbazi

Nimeweka kambi hapa. Endelea kiongozi.

Mama Jezi

Mtakatifu wa maskauti 😂 alafu wakaishia kuwa na mamba. Shusha vitu mkuu.

Dereva wa Nakonde

Nimerudi. Sasa 1967, hapa ndio patamu. Klabu bingwa Afrika bado changa, fainali ni Englebert na Asante Kotoko wa Ghana. Kumasi 1-1. Marudiano Kinshasa 2-2. Siku hizo hamna cha matuta (penati za kuamua mshindi) kama tulivyozoea sisi, ikaamuliwa irudiwe mechi ya tatu. Kotoko hawakutokea. Kombe likaenda Lubumbashi.

Waghana mpaka leo wanaona walidhulumiwa na mimi siwalaumu, ila mwaka uliofuata Englebert wakaenda fainali tena na safari hii hawakuacha cha kubishia, Étoile Filante ya Lomé walipigwa 5-0, kule Togo wakajitutumua wakashinda 4-1 lakini jumla ni 6-4. Wakawa klabu ya kwanza kutetea lile kombe. 1969 fainali ya tatu mfululizo wakafungwa na Ismaily ya Misri. 1970 fainali ya nne mfululizo, na nani? Kotoko haohao. Kumasi 1-1, Kotoko wakaja Kinshasa wakashinda 2-1. Deni la miaka mitatu likalipwa nyumbani kwa mdaiwa.

Fainali nne mfululizo wakuu. Katumbi mwenyewe kazaliwa Desemba 1964, hapo ni mtoto wa miaka mitano. Huyo aliyesema timu ya juzi namsubiri hapa.

Utopolo Halisi

Sawa lakini mkuu hizo ni za kale, hata mimi babu yangu alikuwa na ng'ombe 200. Kutoka 1970 mpaka 2009 walikuwa wapi? Miaka karibu 40 hamna kitu. Hela ya Katumbi imeingia ndio makombe yamerudi. Sasa kosa la yule dogo liko wapi?

Dereva wa Nakonde

Swali zuri, na wewe umeuliza kistaarabu tofauti na jina lako.

Kwanza sio kweli hamna kitu, 1980 walichukua Kombe la Washindi kwa kumfunga Africa Sports ya Abidjan. Lakini nakubali, ilinyauka. Na huwezi kuelewa kwanini ilinyauka bila kuangalia shaba. Lubumbashi nzima ilikuwa inaishi kwa shaba, kule kila kitu ni Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, hospitali, shule, unga, mpaka bendi. Miaka ya 80 ile kampuni ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, siasa za rais Mobutu nazo zikavurugika, kufika katikati ya miaka ya 90 uzalishaji uko chini ya tani 50,000. Sasa mji ukikatwa mshipa hivyo timu ya mpira itapona na nini? Watu wanauza milango ya nyumba wapate unga wewe unawadai kiingilio.

Na jina Englebert lilishaondoka kabla, Mobutu alipoleta zile habari za majina ya asili miaka ya 70 ndio ikawa Mazembe.

Katumbi kachukua timu 1997. Kombe la kwanza la Afrika 2009. Hesabu hiyo miaka. Kama ni hela tu mbona ilimchukua miaka 12? Kuna matajiri wetu hapa wanapewa misimu miwili tu hawajafika makundi tunaanza kuwatukana.

Kinyozi wa Mbagala

Mmesahau kutaja kipa Kidiaba. Uzi wa Mazembe bila Kidiaba ni pilau bila nyama.

Dereva wa Nakonde

Nilikuwa namweka mwisho kama kachumbari lakini haya.

2009 wanamfunga Heartland ya Nigeria kwa goli la ugenini, 2-1 kule na 1-0 Lubumbashi. 2010 fainali na Espérance ya Tunisia, mechi ya kwanza Lubumbashi 5-0. Tano. Kwenye fainali ya Afrika. Tunis 1-1, kombe la pili mfululizo, yaani wakafanya kilekile cha 67 na 68.

Desemba 2010 wakaenda Abu Dhabi Kombe la Dunia la vilabu, na walienda bila Trésor Mputu ambaye ndio alikuwa roho ya timu, maana FIFA ilimfungia mwaka mzima kwa fujo za kumfuata refa kwenye Kombe la Kagame kule Kigali. Kila mtu akajua wanaenda kutalii. Wakampiga Pachuca ya Mexico 1-0, goli la Bedi. Nusu fainali Internacional ya Brazil, mabingwa wa Amerika Kusini, 2-0, Kabangu na Kaluyituka. Na kila goli likiingia kule mbele, huku golini Kidiaba na zile rasta zake anakaa chini anaanza kudunda kwa makalio kama mpira wa kitenesi.

Fainali Inter Milan wakawatandika 3-0, Pandev, Eto'o na Biabiany, hiyo haina ubishi. Lakini ilikuwa mara ya kwanza fainali ile kuwa na timu isiyotoka Ulaya wala Amerika Kusini. Nilikuwa Mbeya siku ile, banda umiza limejaa mpaka watu wako dirishani, na hakuna aliyejiita Simba wala Yanga.

Mama Jezi

Wanangu walikuwa wanaiga kile kidunda sebuleni mpaka nikawaficha mito ya makochi. Mmoja alijiumiza mkia wa uti wa mgongo nikampeleka zahanati, daktari ananiuliza kaanguka nikasema hapana daktari, kashangilia.

Kinyozi wa Mbagala

😂😂😂 "kashangilia"

Bin Msimbazi

Sasa tufike 2011 maana naona mnairuka makusudi. Mnyama (Simba) aliwatoa Mazembe bingwa mtetezi mkitaka msitake.

Utopolo Halisi

Aliwatoa mezani. Uwanjani mlikula 3-1 Lubumbashi na 3-2 Taifa. Makolo mna raha, mnashangilia karatasi.

Bin Msimbazi

Karatasi ni sheria. Mchezaji hakuwa halali.

Dereva wa Nakonde

Tulieni, wote mnasema kweli. Mazembe walimchezesha Janvier Bokungu ambaye suala lake la usajili na Espérance lilikuwa halijakaa sawa. Simba wakakata rufaa, CAF, shirikisho la mpira Afrika, wakawafuta Mazembe mashindanoni wakiwa mabingwa watetezi. Lakini Simba hawakupewa nafasi ya bure, waliambiwa wakacheze mechi moja na Wydad Casablanca kule Misri, Wydad wakashinda 3-0 na huyohuyo Wydad akaenda mpaka fainali.

Ila mnachosahau nyote wawili ni kitu kimoja. Kwenye zile mechi mbili kuna kijana mwembamba wa Mbagala aliwasumbua mabeki wa Mazembe mpaka wakubwa wao wakaanza kuuliza jina. Msimu haujaisha vizuri kijana huyo, Mbwana Samatta, yuko Lubumbashi. Simba walishinda rufaa, Mazembe wakaondoka na straika. Wewe niambie nani alifaidi.

Bin Msimbazi

Hapo umenipiga chembe.

Msomi wa Kitaa

Naongezea kidogo kwa mkuu. Thomas Ulimwengu nae alikuwa kule kipindi hichohicho. Na Mazembe kwa Zambia ni hivyohivyo, Kalaba, Sinkala, Singuluma, na Stoppila Sunzu aliyepiga ile penati ya mwisho Zambia wakachukua AFCON 2012, wote walipita pale. Ukiangalia ramani inaeleweka, Lubumbashi iko karibu na Ndola kuliko ilivyo karibu na Kinshasa, Kinshasa ni ndege tu. Ndio maana mimi huwa nasema Mazembe sio timu ya Kongo tu, ni timu ya ukanda wa shaba.

Mwanalubum

Jambo bandugu. Miye niko mutu wa Lubumbashi, nilizaliwa ku Kamalondo, leo niko natumika Dar. Nafurahi sana kuona bantu ba Tanzania banaandika historia yetu muzuri hivi. Lakini kuko kintu munasahabu: Lupopo! Hauwezi kusema Mazembe bila Lupopo. Baba yangu alitumika ku chemin de fer (reli), njo maana ku nyumba yetu jina ya Mazembe haikuwa inatajwa, paka Lupopo. Mama yangu yeye ni Mazembe. Siku ya derby hatukuwa tunakula bukari (ugali) pamoja. Kila mutu na sahani yake.

Kinyozi wa Mbagala

Hiki Kiswahili cha Lubum nakipenda sana aisee, kama kinaimbwa.

Dereva wa Nakonde

Karibu sana ndugu yangu, na samahani, ni kweli nilikosea. Saint-Éloi Lupopo nao ni wa 1939 hivyohivyo, timu ya watu wa reli, ndio maana wanaitwa Cheminots. Kwa hiyo mji mmoja, mwaka mmoja, huku timu ya shule ya mapadri huku timu ya reli. Mimi kama dereva wa lori sina budi kuwa Mazembe, reli ikifanya kazi vizuri mimi nakosa mzigo 😂

Mwanalubum

Njo vile! Lakini reli haitembei muzuri tangu zamani, basi kula tu mali yako papa.

Utopolo Halisi

Turudi kwenye hoja yangu maana naona mmeanza undugu. Dereva hujanijibu bado. Katumbi akitoka?

Dereva wa Nakonde

Nilikuwa nasubiri uulize tena. Katumbi alishatoka.

Mwaka 2016, kashaacha ugavana wa Katanga na kagombana na rais Kabila, mwezi wa tano kaondoka nchini, na hakurudi mpaka Mei 2019. Miaka mitatu rais wa klabu yuko uhamishoni. Sasa angalia makombe: Novemba 2016 Mazembe anachukua Kombe la Shirikisho kwa kumfunga MO Béjaïa ya Algeria, 1-1 kule na 4-1 Lubumbashi. 2017 anachukua tena kwa SuperSport United ya Afrika Kusini. Mawili mfululizo mwenye timu yuko Ulaya.

Sisemi hela haikutoka kwake. Najua ilitoka. Ninachosema ni kwamba kilichobaki pale kilikuwa kinajiendesha, uwanja wao wenyewe, vijana wanaotoka chini, skauti wanaozunguka Zambia na Tanzania. Uwanja ule pale Kamalondo wameufungua 2011, unabeba watu elfu kumi na nane na kitu, nyasi bandia, jukwaa liko karibu na mstari mpaka beki wa pembeni akirusha mpira unasikia anavyohema. Hapa kwetu vigogo wawili wana miaka karibu 90 kila mmoja na ligi tunachezea viwanja vya kukodi. Hapo sasa tukanane vizuri.

Bin Msimbazi

Hapo hata Utopolo hana la kusema.

Utopolo Halisi

Nina la kusema. 2023 sisi Yanga tuliwapiga 3-1 kwa Mkapa tukawafuata hukohuko kwenye nyasi zao bandia tukawapiga 1-0, Farid Mussa. Nyinyi Simba 2019 mlikula nne Lubumbashi. Ahsante kwa muda wenu.

Bin Msimbazi

Okwi alianza kufunga dakika ya pili tu. Tulitangulia.

Utopolo Halisi

Mkatangulia na kurudi nyumbani.

Msomi wa Kitaa

Yanga 2016 nao walikuwa kundi moja na Mazembe wakafungwa nje ndani, tusisahau. Na mwaka huo wa 2023 mnaojisifia, fainali ya Shirikisho mlifungwa na USM Alger ya Algeria kwa goli la ugenini, USM Alger huyohuyo ambaye Mazembe alimpiga nje ndani fainali ya Klabu Bingwa 2015.

Kinyozi wa Mbagala

Msomi una roho mbaya lakini takwimu zako zimesimama.

Mama Jezi

2015 ndio ile ya Samatta? Dereva ulikuwepo? Tupe ya kuona kwa macho, takwimu tumeshiba.

Dereva wa Nakonde

Nilikuwepo dada. Na nilikaribia kuikosa.

Tarehe 8 Novemba 2015, Jumapili. Mechi ya kwanza Algiers Mazembe kashinda 2-1. Mimi nimekwama mpakani Kasumbalesa siku ya nne kwa sababu ya wakala mmoja, simtaji, aliyenikosea namba ya kontena kwenye makaratasi. Jumamosi jioni ndio nimetoka. Nikaliacha gari yadi na utingo wangu, nikamwachia hela ya michopo (nyama choma ya mbuzi ya kule) na bia mbili. Bia ya kule inaitwa Simba, utingo ni Yanga damu, ila siku ile alifunga macho akanywa.

Nikapata tiketi kwa kulangua, bei sitaji mke wangu anasoma humu. Nikakaa na mzee mmoja, kavaa koti la suti na kofia ya pama jua lote lile, mkononi ana redio ndogo ya betri. Mechi iko mbele yake, na bado anasikiliza redio. Nikamuuliza mzee mbona redio, akasema macho yake ya mbali hayako sawa, mpira akiuona anauona kama unga unamwagika, kwa hiyo anakuja uwanjani kusikia watu na redio inamwambia kwanini watu wanapiga kelele.

Na hakusema Mazembe hata mara moja. Yeye ni Englebert, Englebert. Akaniambia mwaka 68 alikuwa kijana, anajua Kalala alivyokuwa anapiga mashuti. Kalala Mukendi huyo ndio aliyefunga goli la Kongo fainali ya AFCON 1968 dhidi ya Ghana, mzee anamuelezea kama jirani yake.

Mechi ikakaza. Sifuri sifuri mpaka kama robo saa kabla ya mwisho, wale Waarabu wakifunga mbili tu kombe linaondoka. Ikatoka penati. Samatta kauchukua mpira. Uwanja wote kimya, mzee akazima redio. Nikamwambia mzee washa utajuaje, akasema "nitajua".

Samatta kaweka. Wakuu mimi sina kumbukumbu nzuri ya sekunde kumi zilizofuata, najua tu kofia ya mzee ilikuwa kichwani kwangu na yeye kanishika mashavu. Nikamwambia huyo mtoto ni wetu, wa Mbagala, Dar es Salaam. Akaniangalia kwa karibu kabisa kama anataka kuhakikisha, akasema basi leo wewe haulipi kitu. Dakika za nyongeza Assalé akaongeza la pili. 2-0, kombe la tano la Klabu Bingwa. Tulitoka pale na matarumbeta mpaka barabarani, na kweli sikulipa kitu, soda, mishikaki, mpaka nauli ya pikipiki alilipa yeye.

Miezi miwili mbele Samatta akawa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, Mtanzania wa kwanza, akaenda Genk ya Ubelgiji.

Mama Jezi

Nimesoma na machozi na sio mpenzi wa mpira kihivyo. Huyo mzee mliwahi kuonana tena?

Dereva wa Nakonde

Hapana. Sikuchukua hata namba, na jina nililisikia mara moja kwenye kelele. Kila nikipita Kamalondo naangalia kofia za watu.

Mwanalubum

Bazee ba Englebert banabaki kidogo sana sasa. Kuko bamoja banakaaka chini ya muti karibu na stade, jioni. Ukipita niambie, ndugu yangu atakupeleka.

Kinyozi wa Mbagala

Na wanawake wao msiwasahau, 2024 Mazembe ya kina dada imechukua Klabu Bingwa Afrika kule Morocco, wamewafunga AS FAR wenyeji 1-0.

Dereva wa Nakonde

Kinyozi ahsante, hiyo ilinipita kabisa. Wakuu foleni imeanza kusogea na jamaa wa nyuma ananipigia honi, nitajibu usiku nikifika Nakonde. Mwanalubum nakuja inbox unipe namba ya ndugu yako.

Mwanalubum

Kuja. Na kesho nafungua uzi ya Lupopo, baba asiniseme.

Utopolo Halisi

Lupopo wana kombe la Afrika lolote?

Mwanalubum

Wewe usianze.